Gari la Ufunguo Mmoja

Jumapili, tarehe 2 Machi

Kikao cha familia leo sebuleni. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, ajenda ilikuwa tamu. Tunanunua gari. Letu wenyewe! Dogo, lililokwisha kutumika, la watu watano na mizigo kiasi. Nilikaa kwenye kiti chenye mikono, mguu juu ya mguu, nianze kuzoea.

Haraka ina sababu. Kifungua mimba wetu, binti wa miaka kumi na miwili, ataimba peke yake Jumamosi kwenye mashindano ya kwaya za shule. Ukumbi uko juu kilimani. Ni saa tatu kamili asubuhi, na yeye ni wa kwanza kwenye orodha. Mwaka jana tulisubiri basi hadi tukachoka kusimama, na tulipofika kwaya yake ilikuwa inashuka jukwaani. Mtoto hakulia. Alikunja sare yake, akaiweka kabatini, na hakusema na mtu siku mbili. Niliumia kuliko siku niliyojikata kidole kwa mashine. Kwa hiyo leo nimemwahidi mbele ya wote: mwaka huu baba yako mwenyewe atakuendesha, na utafika kabla ya wanaopanga viti.

Kimebaki kitu kimoja tu, gia. Muuza magari ana mawili ya uwezo wetu. Moja ni otomatiki, rangi ya fedha. La pili ni la gia za mkono, kijani kilichochoka. Mke wangu anataka otomatiki. Anasema ni gari la kila mtu, unakanyaga linakwenda. Hapo ndipo penye ubaya. Mimi sitaki gari la kila mtu.

Sababu zangu naziandika hapa, kwa kuwa daftari hili hakuna anayelisoma. Kuna shemeji, mdogo wake mke wangu, mpiga picha za harusi, anakaa mtaa wa pili. Huyu bwana ameazima ngazi yetu, pasi yetu na koti langu la kijivu. Koti naliona kwenye picha zake, limemkaa vizuri. Sasa, shemeji anajua otomatiki tu. Mke wangu naye leseni yake aliipatia kwenye otomatiki. Gari likiwa la gia za mkono, dereva atakuwa mmoja nyumba nzima, na dereva huyo namfahamu.

Halafu kuna ufunguo. Mimi ni fundi wa kuchonga funguo, mwaka wa kumi na tisa kwenye kibanda kilekile. Lile la rangi ya fedha ufunguo wake ni wa kubonyeza, una kompyuta tumboni. Siwezi kuuchonga. Nitauangaliaje kila asubuhi? La kijani lina ufunguo wa chuma wenye meno, ufunguo unaoeleweka. Gari ambalo ufunguo wake siwezi kuuchonga haliingii kwangu.

Kuna jambo jingine dogo. Gari la gia za mkono silijui vizuri. Leseni ninayo, niliipata kwenye jaribio la tatu, siku ambayo mtahini alikuwa na haraka ya kwenda kula. Na nilipokuwa namposa mke wangu nilisema nimefanya kazi miaka miwili kwenye gari la mikate. Ni kweli kabisa. Nilikaa kiti cha pembeni, nikashusha mikate. Yeye akaelewa alivyoelewa, na sikuona haja ya kumkatiza. Dereva nilimtazama miaka miwili mizima, na mtu akitazama hivyo hakosi kuambukizwa.

Kura ni Jumanne, kwa kopo la vifungo kama kawaida yetu.


Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya kampeni. Kibanda nimekifungua saa nne.

Kopo la vifungo ni mambo ya nyumba yetu. Mke wangu hushona sare za shule hapa nyumbani, vifungo haviishi. Jambo kubwa likitokea, kila mtu hutumbukiza kifungo kimoja kwenye kopo, amekificha kiganjani. Safari hii cheupe ni otomatiki, cheusi ni gia za mkono. Wapiga kura ni watano: mimi, mke wangu, mama mkwe anayekaa nasi, na mabinti wawili. Nahitaji watatu.

Nilianza na kitinda mimba, miaka sita. Nikamwahidi kwamba akiweka cheusi, atapiga honi kila tukitoka na kila tukirudi. Macho yalimng'aa. Akauliza maswali mengi kuhusu honi. Huyo nimemweka mfukoni.

Kifungua mimba aliniambia kura ni siri, akaendelea na mazoezi ya sauti. Sijui mtoto huyu msimamo kautoa wapi. Si kwangu.

Mama mkwe nilimkuta dirishani anafuma sweta. Mama huyu alifanya kazi hospitali miaka ishirini na miwili, na wauguzi wa zamani ni watu wa maana. Maradhi yangu yote namwonyesha yeye. Juzi mgongo uliniwasha, akaniambia nioge, ninywe maji, nilale. Matibabu yake ni mafupi lakini hayajawahi kushindwa. Basi nikamweleza kwamba gia za mkono husaidia damu ya abiria kutembea. Akauliza kama klachi ya lile la kijani ni ngumu au laini. Nilifurahi kusikia ameokota neno. Nikamchorea klachi kwenye karatasi, nikamfafanulia kwa nusu saa. Alinisikiliza kwa adabu. Mwishoni akauliza, kile kilima cha ukumbini nitakipanda na gia ya pili au ya kwanza. Nikamwambia, mama, hayo tuwaachie madereva.

Akasema sawa, mwanangu, akahesabu vishono vyake.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeshinda! Vyeusi vinne, cheupe kimoja.

Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa vitatu na ugomvi. Lakini maneno yangu yamepenya hadi kwa kifungua mimba. Mimi nilipaswa kuwa mtu wa siasa. Cheupe ni cha mke wangu, hilo halina mjadala, na sikutaka kumsimanga aliyeshindwa. Nilimfuata chumbani, nikamwambia asijisikie vibaya, gari ni la familia, nitampeleka anakotaka akiniarifu mapema. Akasema hajisikii vibaya hata kidogo. Akauma uzi kwa meno, akaendelea kushona. Ana moyo mkubwa, mke wangu.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Gari limefika.

Muuza magari alinipa ufunguo nilitoe uwanjani kwake. Watu walikuwepo, na lango lake ni jembamba. Nikamwambia kwamba kwa taratibu za biashara ya kisasa muuzaji humfikishia mteja. Akasema hajawahi kuzisikia. Nikamwambia viatu vyangu leo havifai kwa klachi. Alinitazama viatu, akaleta gari mwenyewe, nami nikakaa kiti cha pembeni. Nilijisikia nyumbani kabisa pale.

Ufunguo ni mmoja tu! Wa pili ulipotea kwa mwenye gari wa zamani. Nilitaka kumbusu muuza magari. Nimeutia uzi, nimeuvaa shingoni. Mke wangu akaomba nimchongee wake. Nikasema kisu cha mashine kimelika, subira. Akasema miaka kumi na minne ya ndoa hajawahi kusikia kisu kikilika. Akanikata jicho moja refu, kisha akaacha. Anapoacha mapema hivyo inanipendeza.

Kisu hakijalika. Ila nikisema naenda kuchongesha pengine, pengine penyewe ni kwa Wa Ng'ambo, na huko haingii mtu wa nyumba yangu. Wa Ng'ambo ni yule kijana mwenye kibanda mkabala na changu. Ana mashine ya umeme na bango: Funguo Dakika Mbili. Mimi langu linasema: Funguo Zinazofungua. Atakayeelewa ataelewa.

Shemeji alitokea hata vumbi la gari halijatua. Akazunguka, akagonga bodi, akafungua mlango. Akaona gia. Uso ulimporomoka! Nilimweleza kwa upole kwamba gari hili linataka mtu aliyepitia mikono migumu ya kazi. Akasema bahati yake mbaya, akaondoka na mwavuli wangu.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeoga kwa raha leo, nusu saa, na kuimba. Hakuna aliyenigongea mlango. Kwa kawaida wananigongea mara tatu.

Nilipotoka ufunguo ulikuwa pale pale kwenye msumari wa mlangoni, nilipoutundika kabla ya kuoga. Uzi ulikuwa na unga wa chuma kidogo. Kazi yangu hiyo, unga unanifuata hadi bafuni.

Mke wangu aliuliza ni lini tutalitoa gari kidogo kabla ya Jumamosi. Nikasema gari lililohamishwa lazima lipumzike siku mbili lizoee mahali. Chai ilimpalia mama mkwe, akakohoa. Nikampigapiga mgongoni.

Kibandani nilijinoa. Chini ya meza nimepanga makopo matatu ya rangi ya viatu: la kushoto klachi, la katikati breki, la kulia mafuta. Gia ni mpini wa nyundo niliouchomeka kwenye sanduku la misumari. Hadi saa sita nilikuwa nimefika gia ya nne bila tatizo. Midomo inatoa mlio, mguu unakanyaga, mkono unasukuma. Nikapiga kona. Nikainua macho. Mteja mmoja mama wa makamo amesimama na kufuli lake, anasubiri nifike. Kule ng'ambo, jamaa alikuwa ameegemea mlango, ananipungia mkono kama anayeaga msafiri. Nikajifanya hamnazo.

Jioni nimelikagua gari. Mambo ya ajabu. Kiti cha dereva kimesogea mbele. Mshale wa mafuta umeshuka. Boneti ina joto, ingawa hilo ni jua. Na kichwa cha gia kimevalishwa kisweta kidogo cha sufu nyekundu, kimekaa sawasawa, hata namba za gia zimefumwa juu yake. Kumbe mama mkwe alikuwa anapima kimyakimya. Zawadi ya dereva! Nilimshukuru sana. Kuhusu mafuta, nimeweka beseni chini ya tangi. Linavuja, bila shaka.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Beseni limekauka. Mshale umeshuka tena. Linavuja kwenda hewani.

Jioni sikuwa na pa kukimbilia. Familia nzima ilitoka uani kutazama jaribio. Nikaingia, nikafunga mkanda, nikarekebisha kioo hadi mke wangu akauliza kama naenda kunyoa. Nikawasha. Likawaka lenyewe kwa heshima. Nikaweka ya kwanza, nikaachia klachi. Gari likaruka hatua mbili, likang'oa kamba ya nguo, likazima. Shuka la maua likanifunika kioo chote. Nikakaa humo gizani nikifikiri.

Nilipotoka nikatangaza kwamba klachi ya gari hili iko mbali kuliko za magari ya mikate, lakini sasa tumeshafahamiana. Mke wangu aliokota nguo. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nilidhani ni hasira.

Kifungua mimba ndiye aliyenimaliza. Alinifuata pembeni, akauliza kwa sauti ya chini, baba, tutafika? Nikasema tutafika. Akatingisha kichwa, akarudi ndani. Amepiga pasi sare yake mara mbili leo. Pasi ya kuazima, yetu anayo shemeji.

Niliona aibu ya kweli. Nikapiga moyo konde kwamba naenda kusema ukweli. Nikafika hadi mlango wa jikoni. Mama mkwe alikuwepo peke yake, anapanga vikombe. Nikafungua mdomo, nikasikia ninasema mgongo umenianza tena. Akaniambia nioge, ninywe maji, nilale.

Nimeoga.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika mchana huu nikiwa bado na shati la sherehe. Nitajaribu kufuata mpangilio.

Tuliondoka saa moja na nusu. Mimi usukanini, ufunguo wa uzi mahali pake, mke wangu pembeni. Nyuma mama mkwe na kikapu chake cha sufu, kitinda mimba, na kifungua mimba katikati na karatasi ya wimbo mapajani. Lilizima mara mbili langoni, nikasema linapasha misuli. Kisha likaenda! Nilikwenda na gia ya kwanza mtaa mzima, na barabara kuu nzima. Ya kwanza ni gia kama gia nyingine. Injini ililia sana. Mzee mmoja mwenye fimbo alitupita upande wa kushoto, akatusalimu. Sikujali, maana tulikuwa tunakwenda, na mimi ndiye niliyekuwa nawapeleka. Kwa saa nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini.

Halafu kilima.

Katikati ya mwinuko gari la mbele lilisimama. Nami nikasimama. Likazima. Nikawasha, nikaachia klachi, tukarudi nyuma hatua moja, likazima. Nikarudia, tukarudi mbili. Honi zikaanza. Mara ya nne karibu tuliguse la nyuma, na la nyuma, naapa, lilikuwa gari la mikate. Dereva wake akatoa kichwa dirishani, akaniuliza kwa sauti ya mtaa mzima kama gia nimeziona au nimesimuliwa.

Saa ya gari ilisema saa tatu kasoro robo. Kisha nikasikia mkanda unafunguliwa. Kifungua mimba. Akasema bila lawama yoyote kwamba yeye atashuka akimbie, sisi tutamkuta. Alikuwa ameshavua viatu asivichafue.

Hapo moyo ulinivunjika. Sikuweza kumtazama. Nikavuta breki ya mkono, nikazima, nikauvaa ufunguo wangu shingoni, nikashuka, nikasema kuna hitilafu, nikaenda kufungua boneti. Boneti haikufunguka. Sijui inafunguliwa wapi. Nilikuwa nimeinama pale mbele ya watu wote, machozi yananilengalenga, nikipapasa bati, ndipo injini ikawaka.

Nikashika shingo. Ufunguo ninao.

Nikainua macho. Nyuma ya usukani alikuwa mama mkwe. Amevuta kiti mbele, ameweka miwani yake ya kufumia juu ya dashibodi. Akanitolea kikapu dirishani, akaniambia nipande nyuma na nikishike vizuri, sindano zisimchome mtoto. Haikuwa sauti ya kuniambia nioge. Nikapanda.

Sijawahi kuona kitu kile. Mkono kwenye breki, mguu kwenye klachi, gari likasimama palepale mwinukoni, halisogei hata unywele. Kisha likanyanyuka taratibu, likaenda. Ya pili kwenye kona. Honi fupi mbili, watu wakapisha, wenyewe hawajui kwa nini. Kifungua mimba akauliza, bibi, umejifunzia wapi? Mama mkwe, macho barabarani, akajibu kwamba ameendesha gari la wagonjwa la hospitali miaka ishirini na miwili, na leseni hajawahi kuiacha ife.

Nikasema, lakini mama, wewe ni muuguzi. Akasema hajawahi kusema hivyo.

Nikafikiria. Kweli hajawahi. Nikauliza mbona basi amenitibu miaka kumi na minne. Akasema nilikuwa namuuliza, na si vizuri kumnyamazia mkwe.

Tulifika zimebaki dakika tisa. Getini nani? Shemeji, juu ya ngazi yangu, ndani ya koti langu, na kamera. Akatupiga picha tukiingia: mama mkwe usukanini, mke wangu pembeni anacheka, na mimi nyuma na kikapu cha sufu mapajani, kitinda mimba amenikalia.

Mtoto alivaa viatu akitembea. Akapanda jukwaani, akatazama viti vyote hadi akatuona. Akatabasamu. Ndipo akafungua mdomo. Siwezi kuandika ile sauti. Najua tu kwamba nililia waziwazi, shemeji akanipa leso, na leso ilikuwa yangu. Amepata nafasi ya pili! Alipotukimbilia alimkumbatia bibi yake kwanza, halafu mimi, na akaniambia sikioni, tumefika.

Kushuka aliendesha mke wangu. Naye akatoa ufunguo wake. Mimi nikashika kikapu.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Leo baada ya chakula waliweka funguo mezani. Wa mama mkwe, wa mke wangu, na wa shemeji, ambaye mama yake amemwahidi kumfundisha naye. Na wangu wa uzi. Zao zote tatu zimechongwa Alhamisi, mimi nikiwa bafuni naimba. Kwa Wa Ng'ambo. Dakika mbili kila mmoja, kwenda na kurudi, na ukabaki muda wa kuutundika msumarini. Nimezikagua kwa lenzi, jino kwa jino. Zimechongwa vizuri. Hilo limeniuma kuliko mengine yote.

Kumbe kila siku nikitoka kwenda kibandani, mama mkwe alikuwa anamfundisha binti yake barabarani. Mke wangu alishika klachi siku ya kwanza, kwa kuwa miguu yake imekaa kwenye cherehani miaka yote hiyo. Kura zao zilikuwa nyeusi tangu mwanzo. Mama mkwe alitaka miguu yake ikumbuke kazi, mke wangu akataka kumfurahisha mama yake. Kifungua mimba alimwona bibi siku moja akisogeza gari la jirani, akajua. Cheupe kilikuwa cha kitinda mimba. Jumanne asubuhi alipita na bibi yake kwa muuza magari, akauliza habari za honi zote mbili, akaambiwa ya lile la fedha ni kubwa zaidi.

Kwa nini hawakuniambia, niliuliza. Mke wangu akasema walisubiri niseme mimi kwanza. Akasema pia kwamba habari za gari la mikate anazijua tangu siku ya harusi yetu, maana dereva wake alialikwa, akakaa meza moja na wajomba zake. Miaka kumi na minne! Nikakosa pa kuweka uso. Lakini wakati huo mke wangu alikuwa amekaa sakafuni kwa kicheko, mama mkwe anafuta miwani, watoto wananirukia mgongoni, na nikajikuta nami nacheka hadi mbavu zinauma. Picha ya shemeji imeshatundikwa sebuleni. Kikapu kimetoka vizuri.

Kabla ya kuondoka mezani mama mkwe alisema kesho saa nne atanifundisha kilima. Nikasema nitashukuru. Na nilimaanisha. Nimeamua kuwa mtu mpya, asiyejificha wala kutia chumvi. Naanza kesho.


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Saa nne kasoro nilianza kufunga kibanda. Yule mama wa kufuli alikuwa amekuja, akauliza naenda wapi mapema hivi. Ilikuwa nafasi nzuri ya kuanza utu upya. Nikafungua mdomo.

Nikamwambia naenda kumfundisha mama mkwe gari. La gia za mkono. Mzee, lakini anajitahidi.

Akafurahi sana. Akasema ametafuta mtu kama mimi mwaka mzima, mwanawe anataka kujifunza, na yeye aliniona kwa macho yake siku ile nikipiga kona chini ya meza, akaona huyu gari liko damuni. Akauliza kama ninafundisha na watu wa nje. Ng'ambo, jamaa alikuwa amesimamisha mashine yake ili asikie.

Nilisema ndiyo kwa sauti ya kuvuka barabara.

Somo langu la kwanza limekwenda vyema. Nimezima mara kumi na moja tu, na mama mkwe amenipigia makofi mara moja. Niliporudi nikachora bango. Linasema: Shule ya Udereva, Gia za Mkono, Vilima Tunavipanda. Wanafunzi tayari ni watatu, wa kwanza anaanza Jumamosi saa tatu. Kwa hiyo ninazo siku nne za kujua kilima, na zinatosha kabisa.

Imebaki kumwambia mama mkwe kwamba Jumamosi asubuhi gari halitakuwepo. Halafu zile funguo tatu nizikusanye kwa ajili ya usafi wa kawaida, nizipige msasa jino moja moja. Dereva akiwa mmoja mambo hayachanganyiki.

Kitinda mimba nimeshamwahidi honi.